Mbegu ya Muhogo: Macho Hayatoshi, Kuna Kipimo

Kwa kaya za wafugaji, Kibiti na delta ya Rufiji



Kipeperushi hiki hakisemi habari ya chanjo wala kupe. Kinasema habari ya muhogo. Najua kuna atakayeuliza, bwana mifugo na muhogo wapi na wapi? Nitajibu kwa yale ninayoyaona ninapozunguka. Familia nyingi zilizohamia huku kutoka Ihefu na Usangu miaka ya 2006 na 2007 zilifika na ng'ombe tu. Leo maboma mengi ninayoyatembelea yana shamba dogo nyuma ya zizi, robo eka, nusu eka, mara nyingi la mama. Mahindi yakikosa mvua, au bonde likifurika kama Aprili 2024, muhogo wa mlimani ndio unaobeba nyumba mpaka mvua za vuli. Muhogo ukiharibika, kinachopelekwa mnadani ni mtamba. Kwa hiyo ugonjwa wa muhogo ni ugonjwa wa kundi pia, ila unapita mlango wa jikoni.

Yaliyotokea kwenye boma moja

Mama mmoja katika eneo langu la kazi alipanda nusu eka. Mbegu, yaani vipande vya miti ya muhogo, alipewa na jirani yake mkulima. Alipewa kwa wema, bila malipo. Shamba lilipendeza. Miti minene, majani yamefunga chini hata palizi ya tatu hakuihitaji. Mwezi wa kumi na moja aling'oa shina la kwanza. Mzizi kwa nje ulikuwa mzuri, mnene kama mkono. Alipoukata akakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha gome. Aling'oa shina la pili, la tatu, akahamia upande wa pili wa shamba. Katika kila mizizi mitano alikuwa anapata mmoja wa kupika. Ng'ombe hawaijui hasara hiyo, lakini mwezi uliofuata mtamba mmoja aliuzwa, na bei ya kiangazi mnaijua.

Yule jirani naye shamba lake lilikuwa limeharibika vilevile. Hapo ndipo maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba ugonjwa umeingia tangu ng'ombe walipoanza kupita njia ile kwenda mtoni. Wengine wakasema ni mavi, wengine kwato, wengine mate ya ng'ombe anapovunja tawi. Tukaitwa chini ya mwembe, wakulima upande huu, wafugaji upande ule, mwenyekiti wa kitongoji katikati. Mzee mmoja akanigeukia: "Bwana mifugo, wewe umesoma. Sema mbele ya watu, ng'ombe anaambukiza muhogo?"

Nilisema hapana. Lakini mtu wa upande mmoja akisema hapana, nani atamwamini? Mimi ni mtu wa mifugo, nimesomea cheti cha mifugo, na kila mtu pale alijua naishi kwa kuhudumia ng'ombe. Ilibidi kipatikane kitu ambacho si maneno yangu. Afisa kilimo wa kata alichukua majani ya mashamba yote mawili yakapelekwa maabara. Majibu nitayaeleza mbele. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

Magonjwa mawili yasichanganywe

Muhogo wa pwani una magonjwa mawili makubwa, na yote ni ya virusi.

La kwanza ni batobato. Hili linaonekana. Majani machanga ya juu yanajikunja, yanakuwa madogo, yana mabaka ya njano na kijani. Mmea unadumaa. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anaweza kukuonyesha mmea wenye batobato.

La pili ni michirizi ya kahawia, na hili ndilo lililomwibia yule mama. Ni la hatari kwa sababu lina aibu. Jani halijikunji. Majani ya chini, yaliyokomaa, yanapata unjano kufuata mishipa midogo ya jani, na mtu anaweza kudhani ni uzee wa jani au jua kali. Kwenye shina bichi kunaweza kuwa na michirizi ya kahawia, au isiwepo. Mzizi unaweza kubana katikati kama uliofungwa kamba, au usibane. Uozo wa ndani kwa kawaida huja mmea ukishakomaa, ndiyo maana wazee wengi wa pwani huwahi kung'oa muhogo wao mapema hata kama haujajaa. Kuna mimea yenye dalili kwenye majani na mizizi mizuri, na kuna mimea yenye majani ya kijani kibichi na mizizi imeoza.

Si ugonjwa mgeni. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuandika kwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi ulijulikana kuwa ni ugonjwa wa nchi za chini, wa pwani, ndio huu wa kwetu. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana umeshika kasi Uganda, kwenye nchi za juu, halafu kanda ya ziwa. Walioupeleka huko si ng'ombe.

Unasafiri kwa njia mbili. Njia ndefu ni mbegu: ukikata mti wa mmea mgonjwa ukaupanda, umepanda na ugonjwa. Pikipiki ikibeba mzigo wa miti kutoka Kibiti kwenda Kilwa, ugonjwa umepanda pikipiki. Njia fupi ni inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa majani ya muhogo na kukaa chini ya jani. Inzi mweupe akinyonya mmea wenye michirizi hubeba kirusi kwa muda mfupi, siku moja au mbili, kisha kinamwisha. Kwa hiyo huusambaza zaidi kwa majirani wa karibu. Anayeuvusha ugonjwa kutoka wilaya hadi wilaya ni mtu mwenye mzigo wa mbegu.

Ng'ombe hayumo katika njia zote mbili. Virusi hivi havikai kwenye mate, kwenye mavi wala kwenye kwato. Ng'ombe akiingia shambani anavunja na anakula, na hiyo ni hasara ya kulipwa, sikatai. Lakini ni shauri jingine, na mkiyachanganya mashauri mawili hamtamaliza hata moja.

Kwa nini macho hayatoshi

Hapa mfugaji atanielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Umewahi kununua ng'ombe mnadani, mnono, manyoya yanang'aa, ukamwingiza zizini, na baada ya miezi kundi zima likaanza kukohoa? Huyo alikuwa amepona homa ya mapafu kwa nje, ndani ya pafu amebaki na kidonda kilichofungwa. Hakuna jicho la mnadani linaloona ndani ya pafu. Au yule aliyepona ndigana kali: damu yake inaweza kubaki na vijidudu vichache mno, hata darubini ya maabara ikavikosa.

Mbegu ya muhogo iko hivyohivyo. Tena baadhi ya aina zenye sifa nzuri ndizo zinazoficha zaidi. Kiroba, ambayo watu wa Pwani wanaipenda na mimi naila, huvumilia michirizi ya kahawia: inaweza kuwa na kirusi ndani na ikakupa mizizi ya kuridhisha. Ni sifa nzuri kwa mwenye shamba. Lakini ukikata miti yake ukampa jirani aliyepanda Albert pembeni, aina ambayo haina uvumilivu, umemletea ng'ombe wa kukohoa. Yule jirani wa mama yetu hakuwa na hila. Alitoa alichokiona kizima.

Kipimo chenyewe kinafanyaje kazi

Kila kiumbe kina maandishi yake ndani, yanaitwa vinasaba. Ng'ombe ana yake, kupe ana yake, muhogo una yake, na kirusi, japo ni kidogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haikioni, kina yake. Maandishi ya kirusi cha michirizi yana herufi kama 9,000 hivi. Fikiria ni chapa. Ng'ombe anaweza kupakwa matope, akakatwa pembe, akachanganywa na kundi la watu 10, lakini ukiikuta chapa umemjua mwenyewe. Kipimo cha vinasaba hakiangalii rangi ya jani. Kinatafuta chapa ya kirusi.

Tatizo ni kwamba kirusi ndani ya kipande cha jani kinaweza kuwa kichache mno kuonekana. Kwa hiyo maabara hukizidisha kwanza, yaani hunakili maandishi yake. Jani husagwa, uchafu huondolewa, hubaki maji yenye maandishi yote, ya muhogo na ya kirusi kama kipo. Kwa kirusi cha michirizi kuna hatua moja ya ziada, maandishi yake hugeuzwa kwanza kuwa ya aina inayoweza kunakiliwa. Kisha huwekwa vipande vidogo vilivyotengenezwa ili vishike mahali penye chapa ya kirusi tu, pamoja na kimeng'enya cha kunakili. Mashine hupasha moto karibu nyuzi 95, hupoza, hupasha tena, hupoza tena. Kila mzunguko, kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili.

Hesabu hii mfugaji anaijua. Ukiwa na mtamba mmoja na kundi likaongezeka mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara ya kumi una ng'ombe 1,024. Mara ya 20 wamepita milioni moja. Mara ya 30 wamepita bilioni moja, hakuna malisho Tanzania yatakayowatosha. Mashine inafanya mizunguko 30 hadi 40 kwa saa chache. Kama chapa ya kirusi haikuwemo, hakuna cha kuzidisha, mrija unabaki mtupu. Kama ilikuwemo hata kidogo, mwisho inaonekana wazi. Wataalamu hukiita kipimo hiki PCR, na ndicho kilekile kilichosikika sana wakati wa korona kwa wasafiri. Kwa mifugo kinatumika pia, kutambua homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ya mbuzi na kondoo.

Angalieni miaka. Ugonjwa uliandikwa 1936. Maandishi ya kirusi chake, sehemu tu, yalisomwa mara ya kwanza 2001. Miaka 65 katikati yake watu walitegemea macho. Baadaye ikajulikana kwamba virusi ni viwili, ndugu wa karibu lakini chapa tofauti, na vyote viwili vipo Tanzania. Hili lina maana kwako: maabara ikitafuta chapa moja tu inaweza kukuambia shamba ni safi kumbe yule wa pili yumo. Ndiyo maana siku hizi hutafutwa vyote.

Kuna hata maabara za kubebwa. Mwaka 2017 na 2018 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwemo Joseph Ndunguru wa Mikocheni, wakishirikiana na Laura Boykin kutoka Australia, walipeleka kwa wakulima mashine ya kusoma vinasaba ambayo inaingia mfukoni. Kule Kenya waliifanya kazi yote chini ya mti, na mkulima akapata jibu siku ileile. Bado haijawa huduma ya kila kata, msisimame barabarani kuisubiri. Kilicho mikononi mwa vijana wenu tayari ni programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili. Unaielekezea jani na inakuambia kama ina dalili za batobato au michirizi. Ni msaada mzuri, lakini ni jicho, hata kama ni jicho lililofundwa. Dalili isipokuwepo juu ya jani, nayo haioni.

Majibu ya mashamba yale mawili

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, na watu walikuwa wameshachoka kusubiri. Kirusi cha michirizi kilikutwa kwenye shamba la mama na kwenye shamba la jirani. Kikakutwa pia kwenye mimea ambayo majani yake hayakuwa na dalili yoyote.

Sasa hapa lazima niseme ukweli wote, kwa sababu nilisikia watu wakiyanyoosha majibu kuliko yalivyo. Kipimo kilisema kirusi kimo. Hakikusema nani alikileta. Hakuna mashine ya kusema hivyo. Kilichotufikisha pale ni maswali ya kawaida: mbegu ya mama ilitoka kwa jirani, na mbegu ya jirani ilitoka kwenye mzigo uliouzwa barabarani msimu mmoja kabla. Kaya nyingine mbili, za wakulima, mbali na njia yoyote ya ng'ombe, zilinunua mzigo uleule na mizizi yao ilikuwa na madoa yaleyale. Hilo ndilo lililotuliza mkutano. Fidia ya matawi yaliyovunjwa ilijadiliwa peke yake, siku nyingine.

Na udongo je?

Wafugaji huniuliza hili kuliko wakulima, na najua linatoka wapi. Linatoka kwenye kimeta. Mnajua kwamba mzoga wa kimeta ukipasuliwa, mbegu za ugonjwa huingia ardhini na kukaa miaka mingi, makumi ya miaka. Ndiyo maana nawapigia kelele msiuchune. Basi mtu anadhani na shamba lililooza muhogo limechafuka milele.

Michirizi ya kahawia haikai kwenye udongo. Kirusi kinahitaji mmea ulio hai. Ukiling'oa shamba lote vizuri, ardhi ni safi, samadi ya zizini haina kosa, imwage tu. Kosa ni masalia. Mzizi au kipande cha mti kilichobaki huchipua chenyewe mvua zikianza, na mche huo una kirusi uleule wa zamani. Kwa hiyo kulipumzisha shamba mwaka mzima huku maotea yakiota hakuna faida. Pita, yang'oe, yaanike juani yakauke kabisa. Halafu kuna mti mwingine ambao watu hawaufikirii: kisamvu cha mpira, ule mti mrefu wa familia ya muhogo unaopandwa kando ya nyumba au kama uzio. Watafiti wamekikuta kirusi hiki ndani yake hapa Tanzania. Kama unao pembeni ya shamba jipya, ujue hivyo.

Lakini kuna kitu kingine cha udongoni kinachowahusu ninyi moja kwa moja, nacho ni kuvu wa sumukuvu. Huyu ndiye anayeishi ardhini na kupanda kwenye mahindi na karanga, na kwenye chakula chochote kilichoanikwa vibaya. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliwaugua watu 68 mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na anayekunywa ni mtoto. Kwenye udongo huohuo kuvu wa aina hii wapo wenye sumu na wapo wasio nayo, na kwa macho wanafanana kama mapacha. Kwa vipimo vya maabara, vya vinasaba vikiwemo, watafiti waliwatenga wasio na sumu wa hapahapa nchini, wakawatumia kutengeneza Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018. Humwagwa shambani ili kuvu wasio na sumu watangulie kushika nafasi. Ni kama kujaza malisho kwa kundi lako kabla la jirani halijafika.

Mifugo na muhogo mgonjwa

Mbuzi wakila majani yenye batobato au michirizi hawapati ugonjwa. Virusi vya muhogo haviwezi kuishi ndani ya mnyama, wala ndani ya mtu. Mizizi yenye madoa unaweza kukata sehemu mbovu na kumpa mnyama iliyo nzuri.

Tahadhari iko kwingine. Muhogo mchungu, majani na maganda mabichi yana sumu kali, iwe mmea ni mgonjwa au mzima. Mnyama mwenye njaa akivamia rundo la maganda mabichi au majani machanga anaweza kuanguka ndani ya muda mfupi: anahema haraka, anatetemeka, ufizi unakuwa mwekundu sana. Akifikia hapo niite mara moja, usimkimbize wala kumswaga kuja kwangu. Maganda yakatwe madogo, yaanikwe juani siku mbili tatu mpaka yavunjike kwa mkono, ndipo wapewe, kidogokidogo pamoja na nyasi. Na makopa yaliyoota ukungu mweusi au wa kijani msimpe ng'ombe anayekamuliwa. Naona watu wanasema "hayafai kwa watu, wape ng'ombe." Maziwa yatarudisha kwa watu hicho mlichokikataa.

Mkitaka kupima, mkitaka mbegu

Sitaki kila boma likimbilie maabara na jani mkononi. Kipimo kina gharama, vitendanishi vyake vinanunuliwa nje, na kupima shamba ambalo tayari mizizi imeoza hakurudishi mzizi. Mahali kipimo kinapolipa ni kwenye chanzo cha mbegu. Shamba mama moja likipimwa likawa safi, miti yake inapanda mashamba mengi. Kwa hiyo kama kikundi cha kina mama au kitongoji kinataka kuwa na shamba la mbegu, hapo ndipo mseme na afisa kilimo wa kata, naye ana njia ya kufika TARI Kibaha na TARI Mikocheni. TOSCI ya Morogoro ndiyo inayokagua na kuthibitisha mbegu, na muhogo umo.

Sampuli ichukuliwe mapema, mmea ukiwa na miezi mitatu hadi sita. Usichague mimea mibaya tu. Tembea shamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe mbili zilizobaki, kama alama ya kukosa anayoweka mwalimu, ukichukua kwenye mimea 30 hivi. Kwa michirizi chukua majani yaliyokomaa ya chini hadi katikati, kwa batobato majani machanga ya juu. Yalaze kati ya kurasa za gazeti, juu yake uzito, yakauke. Usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki, yataoza njiani, nimeshaona mfuko mzima ukitupwa. Andika kijiji, aina ya muhogo, tarehe na namba ya mmea.

Jibu la "hakuna" lisomwe kwa makini. Lina maana kirusi hakikuonekana kwenye majani yaliyopelekwa. Kirusi hakijagawanyika sawasawa ndani ya mmea, na mmea ulioambukizwa juzi unaweza kupita. Mashamba ya mbegu hupimwa tena na tena kwa sababu hiyo.

Kwa mwenye nusu eka, njia ni kununua mbegu yenye lebo ya TOSCI, iwe mbegu iliyothibitishwa au ya kuazimiwa ubora, ya aina zinazovumilia magonjwa kama Kiroba, Mkuranga 1, Kipusa au Chereko. Ukikosa, basi uliza miti imetoka shamba gani, nenda ulione kabla ya kuvuna, omba mwenyewe ang'oe mashina kadhaa mbele yako na mkate mizizi mpaka ndani. Mnunua mtamba humfungua mdomo akahesabu meno, na mbegu ya msimu mzima nayo inastahili kukatwa. Baada ya kupanda, miezi mitatu ya mwanzo pita kila wiki na ung'oe kila mche wenye dalili. Usiuonee huruma.

Kijiji kizima kikifanya pamoja ni bora zaidi. Jirani zetu wa Mkuranga, na Chato kule Geita, kuna vijiji vilivyokubaliana kung'oa muhogo wote wa zamani na kupanda mbegu safi kwa pamoja, vikawekeana na sheria ndogo. Ugonjwa ulikuwa mdogo kuliko vijiji vya karibu ambavyo havikufanya hivyo. Ni jambo gumu, kuomba watu wang'oe chakula kilicho ardhini. Kwenye mikutano hiyo wafugaji nao waalikwe, kwa sababu shamba moja la nyuma ya zizi likiachwa linatosha kurudisha ugonjwa.

Yule mama amepanda upya mvua zilizopita, miti yenye lebo, upande wa pili wa boma, mbali na shamba la zamani kadiri alivyoweza. Jirani yake hajang'oa bado, anasema atamaliza kwanza kula kilicho kizima. Nusu eka ile ina miezi mitano sasa. Mimea tisa ameshaing'oa kwa mkono wake, na kila ninapopita kuangalia ndama hunipeleka kwanza kule nyuma ya zizi nikamwangalizie majani ya chini.